Vishada vya Farasi Watano

Solingen, 10 Februari 1991

Fermín, mdogo wangu,

Hujambo huko? Na wifi yangu Dolores, miguu yake inasemaje? Mwambie nimempatia yale mafuta ya kuchulia, ila asimwonyeshe daktari, ataona wivu. Huku sisi tupo. Theluji imelala wiki ya tatu, na goti langu huitabiri kabla ya redio. Marisa amepandishwa cheo hospitalini. Bado hajaolewa, na nimeacha kumuuliza kwa sababu kila nikimuuliza ananijibu kwa Kijerumani. Tangu baba yake, Anselmo, alipotutoka, nyumba imebaki yangu na ya redio. Kiwandani wamenihamisha kutoka kwenye visu wakanipeleka kwenye mikasi. Nakaa, nafungua, nafunga, natia kisandukuni. Ni kazi ya kukaa, silalamiki.

Sasa nikuulize jambo. Jirani yangu Casilda, yule wa Osuna, amenionyesha kipande cha gazeti alichotumiwa na dada yake. Kumbe Shule yenu ya farasi imefungua makumbusho ya pili, ya magari ya kukokotwa, mkabala na yale ya zamani ya sanaa ya upandaji. Na picha iliyowekwa katikati ya ukurasa ni ya mavazi ya farasi watano: mikanda, hatamu, kengele, na vile vishada vya sufu, vyekundu na vya manjano. Fermín, kahawa ilinimwagikia mapajani. Nayajua mavazi yale. Ndiyo Baba aliyoyashona na Mama akayatengenezea vishada, kwa ajili ya sherehe za Sevilla mwaka wa arobaini na tisa. Wewe ulikuwa na miaka miwili, unatafuna vipande vya ngozi chini ya meza.

Na wewe, mkuu wa chumba cha matandiko katika Shule hiyohiyo, hukuniambia! Umeniandikia kurasa mbili za farasi aliyeumwa tumbo, hili ukalisahau? Au ulitaka kunishtukiza? Kama ndivyo, pole, Casilda amekuwahi.

Nakuja na Marisa wiki ya Pasaka. Nataka amwone babu yake na bibi yake wakiwa nyuma ya kioo, wakitazamwa na watu waliolipa kiingilio. Tutafutie tiketi za onyesho na za makumbusho yote mawili.

Dada yako anayekupenda,
Remedios


Écija, 3 Machi 1991

Dada Remedios,

Shikamoo, na salamu za nyumba nzima. Dolores anasema mafuta uyalete haraka, maana daktari wa hapa anachojua ni kumwambia apunguze mkate. Mvua imetupiga siku nne mfululizo na mto Genil umepanda hadi kwenye bustani za watu. Tuna farasi mpya, mweusi tititi, jina lake Hortelano. Hakubali kuinua mguu wa nyuma wa kushoto mpaka mpandaji amwimbie kidogo. Wenzangu wanasema ni mjinga. Mimi nasema ana sikio.

Kuhusu kutokukwambia, dada, sikusahau. Ni kazi tu. Hayo makumbusho mapya bado hayajatulia, leo wanafunga taa, kesho wanazifungua. Na wiki ya Pasaka watu hufurika, mtasukumana bure. Kwa nini msije Septemba, kwenye sikukuu zetu wenyewe? Au mwakani, dunia nzima itakapokuja Sevilla kwenye maonyesho makubwa, mkaunganisha yote mawili.

Halafu picha ya gazeti ni ndogo. Mavazi yale ni zawadi ya familia ya Villalón, na unajua karakana ya Don Gaspar Villalón ilitoa mavazi mangapi ya namna ile katika miaka thelathini ambayo Baba alifanya kazi pale. Mwanawe, Don Leandro, ndiye mkurugenzi wetu sasa, na ni mtu mwema kwangu. Usije ukakaa siku mbili kwenye treni kwa ajili ya picha ya gazeti, ukafika ukavunjika moyo.

Lakini ukishikilia, tiketi nitazitafuta.

Mdogo wako,
Fermín


Solingen, 14 Aprili 1991

Mdogo wangu,

Tumefika salama, ila sanduku la Marisa lilibaki mpakani likaja baada ya siku tatu. Mwambie Dolores vile vitamu vya mayai vya watawa vimeisha kabla ya Paris. Goti liko vilevile. Casilda alikuja siku ya kwanza kuuliza habari, nikamwambia ni nzuri. Nimedanganya jirani kwa ajili yako, sasa ngoja nikwambie wewe ukweli.

Onyesho lenu sina neno nalo. Wale farasi walipoanza kucheza kwa gitaa, miguu yote minne kana kwamba mchanga unawachoma, Marisa alilia, na Marisa si mtu wa kulia. Makumbusho ya kwanza nayo sawa, picha, vikuku vya kupandia, tandiko la mtu fulani aliyekufa vitani. Wewe ulikuwa mchangamfu, unatueleza kila bizimu ya mkanda na kila msumari, nami nikawa najisemea moyoni, tazama, mtoto wa Eusebio Lucena. Kisha tukavuka uwanja kuingia makumbusho ya pili, na wewe ukaanza kutembea nyuma.

Nilikuona. Usidhani sikukuona.

Na yule binti mwongoza wageni akasimama mbele ya kile kioo akasema kwa sauti yake ya kanisani, "Na hii, mabibi na mabwana, ndiyo roho ya makumbusho yetu. Mavazi ya farasi watano, kazi ya mkono wa Don Gaspar Villalón, mwaka 1949."

Nikamwuliza, "Mkono upi, binti? Don Gaspar hakuweza kushona hata kifungo cha shati lake."

Watu wakacheka. Yeye akawa mwekundu. "Mama, ndivyo kibao kinavyosema."

"Kibao nakiona. Mimi naangalia uzi."

"Mama, twende zetu," Marisa akanivuta mkono.

"Hatwendi popote. Mjomba wako yule pale dirishani. Fermín! Hebu mweleze huyu binti mavazi haya ni ya nani."

Na wewe, umeshika funguo zako na kofia yako, unaitazama hiyo kofia kana kwamba imeandikwa kitu, ukanijibu nini? "Dada, watu wanasubiri kupita."

Watu wanasubiri kupita! Miaka ishirini na minane niko katika nchi ambayo hawawezi kutamka jina langu, sijawahi kuaibika vile. Usiku ule mezani nilitaka tuzungumze, Dolores akanisukumia sahani ya mchicha na dengu. "Wifi, kula. Nyumba hii unamokula ni ya Shule." Wewe ukaomba chumvi.

Sasa sikiliza, maana sitaki kugombana na ndugu mmoja niliyebakiwa naye. Naomba kitu kimoja tu. Majina mawili kwenye kibao: Eusebio Lucena, aliyeshona, na Trinidad Prieto, aliyetengeneza vishada. Don Gaspar abaki, simfukuzi. Mwambie Don Leandro. Wewe uko ndani, una mdomo, na umesema mwenyewe kwamba ni mtu mwema kwako.

Remedios


Écija, 30 Mei 1991

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliipata muda mrefu uliopita, nisamehe. Tulikuwa na majike wanaozaa, na mmoja alitusumbua siku tatu. Joto limeshaanza, mji wetu huu wanaouita kikaango unapata moto. Dolores anatembea vizuri zaidi na anakusalimu. Mafuta yananuka, anasema, lakini yanafanya kazi.

Kuhusu lile jambo, dada, umekaa nje muda mrefu, labda umesahau jinsi kazi yetu ilivyo. Muhuri kwenye ngozi ni wa mwenye karakana. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya Baba na ndivyo ilivyo sasa. Mshonaji hatii jina. Baba mwenyewe hakuwahi kutia jina lake hata upande wa ndani ambao hakuna anayeuona, na hakuwahi kulalamika. Mimi nimeshona matandiko thelathini na moja ya Shule hii. Wapandaji wamepigwa picha juu yake Vienna na Buenos Aires. Hata moja halina jina langu, na sijafa.

Pia ulinifedhehesha, acha niseme. Yule binti ni mpwa wa Don Leandro. Siku ya pili nilikuwa mlangoni pa ofisi, nikiomba radhi kwa niaba ya dada yangu aliyechoka na safari.

Na hata nikitaka kusema, nitasema nini? Nina ushahidi gani? Muhuri wa Villalón uko pale, wazi. Upande wetu kuna kumbukumbu ya msichana wa miaka kumi.

Usikasirike. Tunza goti.

Fermín


Solingen, 16 Juni 1991

Fermín,

Eti dada aliyechoka na safari. Haya. Tumepokea salamu, na Marisa anakusalimu ingawa amekununia. Hapa mvua, kiwandani kumetulia, sina habari nyingine.

Unataka ushahidi, nitakupa. Sikuwahi kukwambia jambo hili kwa sababu Mama aliniapisha, lakini Mama yuko makaburini San Gil chini ya jiwe tangu mwaka wa sabini na mbili, naye angenielewa.

Mwaka ule wa arobaini na tisa hapakuwa na kitu. Mkate ulikuwa wa mahindi na vumbi. Don Gaspar alileta sufu ya vishada, akaipima mwenyewe kwenye mizani, na ilikuwa pungufu. Mama alimwambia, "Bwana, hii haifiki vishada mia na ishirini." Akajibiwa, "Trinidad, fundi mzuri hufikisha." Mavazi yalitakiwa Sevilla baada ya siku kumi. Baba akakaa na msharasi wake wa kutobolea ngozi mkononi. Unajua kishada chembamba kinavyoonekana kwenye kichwa cha farasi, kama kuku aliyenyonyolewa. Wangemfukuza.

Asubuhi Mama akaniita jikoni, akakaa kwenye kigoda, akafungua nywele. Zilimfika kiunoni, wewe huzikumbuki. Akanipa mkasi wa ngozi wa Baba, ule mzito. "Kata hapa, na usilie, machozi yatanizuia kuona kazi." Nikakata. Mkono wangu mmoja haukutosha, nilitumia yote miwili. Alizigawa mafungu mia na ishirini, kila fungu akalifunga fundo, akazungushia sufu. Vishada vikajaa vizuri ajabu. Don Gaspar alikuja kuvichukua akasema, "Unaona? Ilitosha."

Na kilichofuata ndicho nisichomsamehe mtu. Unajua ni wanawake gani walionyolewa mji ule baada ya vita, wale wa upande ulioshindwa, wakatembezwa barabarani, na kwa nini. Watu hawakuwa wamesahau. Mama alifunga kitambaa mwaka mzima, kiangazi chote, kwenye joto lile. Siku moja kwa mwokaji mikate kitambaa kikateleza. Yule Sagrario, mke wa mlinzi, akasema mbele ya foleni yote, "Ee Trinidad! Na wewe walikupitia? Tulikuwa hatujui ulikuwa upande gani!" Wakacheka. Mama akachukua mkate wake akanishika mkono tukaondoka. Hakusema kuwa nywele zake ziko Sevilla, juu ya vichwa vya farasi watano, zikipigiwa makofi.

Basi. Wewe unazo funguo za kile kioo. Kamata kishada kimoja, cha nyuma kabisa, kisichoonekana. Kipasue. Ndani utamkuta Mama. Kisha nenda kwa Don Leandro, kiweke mezani kwake, uone kama ataendelea kuzungumza juu ya muhuri.

Nasubiri jibu.

Remedios


Écija, 8 Septemba 1991
[Kadi yenye picha ya farasi mweupe amesimama kwa miguu ya nyuma]

Dada, shikamoo. Leo ni siku ya Bikira wetu wa Bonde, mji umejaa, nimekuwashia mshumaa. Tumezidiwa na kazi ya kujiandaa kwa wageni wa mwakani. Makumbusho yamepakwa rangi upya, mavazi nayo yamesafishwa, yanang'aa. Hortelano sasa anainua mguu bila kuimbiwa. Dolores anakusalimu. Nitaandika barua ndefu.
Fermín


Solingen, 12 Novemba 1991

Fermín,

Barua ndefu haijaja. Nimengoja Septemba na Oktoba. Sisi wazima.

Kwa kuwa wewe huna la kusema, nilimwandikia Don Leandro mwenyewe. Marisa alinisaidia kuipiga kwa mashine, barua ya adabu, sikumtukana mtu. Alinijibu kwa wiki mbili tu, tofauti na wengine. Karatasi nzito, nembo ya Shule juu. Ananiita bibi mheshimiwa. Anasema anaheshimu sana kumbukumbu za familia yangu, lakini Shule haiandiki kibao bila hati, na hati anayo. Akanitumia nakala.

Ninayo hapa, nimeiegemeza kwenye kikombe. "Mimi, Fermín Lucena Prieto, mkuu wa chumba cha matandiko, nimeyakagua mavazi haya na nathibitisha kwamba yote, ngozi na vishada, ni kazi ya mkono wa Don Gaspar Villalón." Sahihi yako, na ule mkia mrefu wa herufi P uliofundishwa na Baba kwenye meza ya jikoni. Tarehe kumi na nne Januari 1991.

Januari! Kabla ya Casilda na gazeti lake, kabla ya Pasaka. Ulinitafutia tiketi, ukanivusha uwanja, ukanisimamisha mbele ya kioo, na muda wote ulikuwa umeshatia sahihi. Kisha ukaniuliza mimi ushahidi.

Nina maswali mawili. Kwa nini ulitia sahihi? Na kwenye kadi umesema mavazi yamesafishwa. Yamesafishwaje?

Remedios


Écija, 20 Januari 1992

Dada yangu,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaipokea. Hatujambo. Dolores amerudi kutumia fimbo tangu baridi ilipoingia. Jike la kijivu limekufa, lile la zamani, uliwahi kulilisha karoti. Nimeanza barua hii mara nne.

Nilitia sahihi kwa sababu niliitwa ofisini, karatasi ikiwa tayari imeandikwa, na Don Leandro alikuwa amenipa kalamu yake mwenyewe. Hakunitisha. Afadhali angenitisha. Alisema, "Ni utaratibu tu, Fermín, wanataka karatasi huko wizarani. Wewe ni mtu wa nyumbani." Kisha akauliza miguu ya Dolores inaendeleaje, na kama paa la nyumba yetu bado linavuja. Nyumba hii inakwenda na kazi, unajua. Kazi ikiisha, tunatoka na vitanda vyetu. Nilitia sahihi huku nikisema asante.

Na nitakwambia lililo baya zaidi. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeyapaka mafuta yale mavazi. Baba alishona kwa mkono wa kushoto. Mishono yake yote inalalia upande usio wa watu wengine. Mimi nimejifunza ubavuni pake, ningeijua hata nikiwa kipofu, kwa kidole gumba. Nilipopitisha kidole nilijua. Kwa hiyo usidhani nilikuwa na shaka. Nilikuandikia habari ya ushahidi nikiwa sina shaka yoyote, kuhusu Baba. Kuhusu Mama nilikuwa sijui, na barua yako ya Juni ndiyo iliyonifikisha hapa.

Niliisoma nikaiweka mfukoni wiki tatu. Kisha nilikwenda kweli, dada. Nilivua kofia nikasimama mbele yake. "Bwana, dada yangu anasema ndani ya vishada kuna nywele za mama yetu."

"Nywele?" akasema. "Za mtu? Ndani ya kioo changu?"

"Ndiyo, bwana. Naomba ruhusa nifungue kimoja."

Hakukasirika hata kidogo. "Hivi vile vishada havijaliwa na nondo?"

"Wamevigusa kidogo, bwana. Si vibaya."

"Nondo ni nondo, Fermín. Mwakani tunapokea dunia nzima. Vibadilishe vyote, vya zamani uvichome, tusije tukaambukiza makumbusho. Nakupa wewe kwa sababu wewe ndiye ninayekuamini."

Nikasema ndiyo, bwana.

Mimi na Dolores tulitengeneza vipya mia na ishirini, kwa sufu nzuri ya Sevilla, haikupungua. Vya zamani nilivikata kimoja kimoja, mkasi mkononi. Nakuapia nilikuwa na mkasi mkononi mara mia na ishirini na sikupasua hata kimoja. Nilikuwa nimejiambia, kisipofunguliwa, itabaki ni hadithi ya Remedios. Dada amekaa mbali, ametunga, anamlilia Mama. Nilitaka iwe hadithi.

Nilivichoma Agosti, adhuhuri, nyuma ya lundo la samadi, watu wamelala usingizi wa mchana. Sufu mwanzoni haikuwaka vizuri. Kisha ikawaka. Na harufu ikaja.

Unajua sufu nayo hunuka ikiungua, nikajidanganya hivyo kwa kitambo. Lakini mimi nimekaa na farasi miaka yote, nimeshachoma manyoya, singa, kwato, ngozi. Ile haikuwa ya mnyama. Farasi wakaanza kupiga mateke mabanda, Hortelano akalia kama anavunjwa. Nilikimbilia ndoo, nikamwaga maji, nikaingiza mikono. Nilitoa tope jeusi. Dolores alinikuta nimepiga magoti, akasema, "Fermín, mikono yako!" Ndiyo maana nilikuandikia kadi, dada. Nilikuwa siwezi kushika kalamu kwa barua.

Sasa unajua yamesafishwaje.

Vidole vimepona, nashona tena. Kibao kiko vilevile. Nimesimama mbele ya mlango wa ofisi mara mbili tangu hapo, na mara mbili nimerudi kazini. Sijui kama unaweza kunisamehe. Njoo Septemba. Njoo tukae tu, twende San Gil kwa Mama, tusiende Shuleni.

Mdogo wako,
Fermín


Solingen, 1 Machi 1992

Fermín,

Hatujambo. Marisa anaolewa Juni na daktari wa macho, Mjerumani, mtaratibu, anakula kila ninachompikia. Nimemtumia Dolores chupa mbili za mafuta kwa posta, achue asubuhi na jioni, na akae mbali na sakafu yenye unyevu. Nafurahi kwamba vidole vyako vimepona.

Barua yako nimeisoma mara moja. Sikuweza mara ya pili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na niliambiwa nisilie, sikulia. Juzi kiwandani nilishika mkasi wa hamsini na kitu wa siku ile, nikaufungua, na mikono ikakataa kuufunga. Msimamizi akanirudisha nyumbani. Nimelia njia nzima kwenye basi, kutoka kiwandani hadi mlangoni kwangu, na Wajerumani wakatazama dirishani kwa adabu.

Septemba sitakuja. Nenda San Gil peke yako, na ukifika mwambie wewe mwenyewe ulichofanya, kwa maneno yako, mimi siwezi kukusaidia hapo. Mwambie pia kwamba Sagrario alikosea siku ile kwa mwokaji. Nywele zake zilikuwa bado zipo. Zilikaa miaka arobaini na miwili mahali pa heshima, mpaka mwanawe wa kiume akazitoa.

Mishono ya Baba bado ipo. Duniani kote amebaki mtu mmoja anayeweza kuisoma kwa kidole, na mtu huyo ameshatia sahihi kwamba haioni. Sikuombi tena. Nimechoka kuomba, na karatasi ya nakala nimeirudisha kwenye bahasha yake.

Ila kuhusu kibao, lipo jambo moja ambalo Don Leandro hawezi kulikataa. Vishada vilivyoko sasa ni kazi ya mkono wako, mia na ishirini, na shahidi yupo. Mwambie aongeze jina lako pale chini. Umelilipia.

Remedios